Niliweka

Baba yake Ermek aliitwa Tologon, na kwa Kikirgizi jina hilo maana yake ni Aliyelipa. Nyanya yake Ermek alikuwa amezika watoto wawili, basi wa tatu alipotoka akilia kwa sauti ya ndama aliyefungiwa zizini, nyanya akasema haya, Mungu amelipa, na jina likakaa hapo hapo. Jina zuri, halina neno. Kasoro yake ni moja tu. Mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, hatamki hata kipande chake, na ukilikata jina la Tologon katikati, kipande cha mbele ndicho "lipa", lile lile la dukani, la kwenye basi na la mtu wa umeme.

Kwa hiyo Jazgul, alipoletwa kijijini Chong-Jar mwezi wa sita na kitambaa cheupe kichwani, aliingia katika nyumba ambayo mtu anaweza kununua, kuuza, kukopa na kudai mpaka achoke, ila kulipa haruhusiwi. Kwa mdomo, maana yake.

Mwingine angenuna. Jazgul aliokota neno jingine, "kuweka", akalibebesha kazi mbili. Mtu wa umeme akipita: "Mama, ya mwezi huu tumeshaiweka?" Akitumwa kuchukua mafuta ya taa: "Niweke leo au niweke wiki ijayo?" Mama mkwe wake, Bubusara, akawa anamsifu kwa majirani. "Hawa wa siku hizi wanawaita baba wakwe zao kama wanaita mbwa. Wangu mimi hata kwenye basi anaweka nauli."

Ermek, mumewe, ndiye aliyeona hapo pana mchezo. Yeye alikuwa mtu wa utani tangu tumboni. Hata jina lake maana yake ni kitu cha kuchezea, na ukimlaumu alikuwa anakwambia ukawaulize waliompa. Chuo cha ufundi kule Naryn alikaa miaka miwili akatoka na vitu viwili, kujua kufunga nyaya za umeme na kujua kuiga sauti ya mkuu wa chuo. Sasa akawa anamwinda mkewe kila chai.

"Mke wangu," alianza siku moja, watu wote wamezunguka kitambaa cha chakula, naye Jazgul yuko karibu na samovari, lile birika kubwa lenye bomba, anamimina. "Ng'ombe wetu akiingia shamba la jirani akala gunia zima la viazi, sisi jirani tunamfanyia nini?"

"Tunamwonea huruma."

"Huruma tu? Gunia zima?"

"Tunamwonea huruma sana."

Mzee Tologon akakohoa ndani ya bakuli lake la chai.

"Na dereva wa basi, mkifika Naryn, kabla hujashuka unamfanyia nini?"

"Namwambia asante."

"Atakuachia ushuke?"

"Asante yenyewe namwekea mkononi, imekunjwa vizuri."

Mzee akainuka akatoka nje, eti kumtazama farasi. Baba mkwe hacheki kwa meno yote mbele ya mke wa mwanawe. Walimsikia huko nje anacheka, na farasi anamjibu.

"Siku ukiteleza nimeshinda," Ermek alimwambia usiku wakiwa wao wawili.

"Umeshinda nini?"

"Nimeshinda tu. Utakuja kuona."

"Ngoja basi. Ngoja mpaka ndevu zako zifike magotini."

Ndivyo walivyokuwa. Kitu kimoja tu ndicho kilichowakosanisha, na walikosana kwa kunong'ona, maana ukuta wa chumba chao ulikuwa mwembamba na upande wa pili alilala Bubusara, mwenye masikio ya sungura. Kilikuwa pesa za kutunzwa harusini. Ndugu na majirani walikuwa wametunza, wengine kwa moyo, wengine kwa kuangaliana, na baada ya mambo yote kulibaki som elfu sitini na mbili, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la Jazgul, chini ya magodoro yaliyopangwa mpaka darini.

Ermek alitaka gari la binamu yake, Audi ya zamani ambayo mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Jazgul alikuwa fundi wa nguo, akitaka cherehani ya umeme ya nyuzi nne, ile inayomalizia pindo za ndani, ashone sare za shule. "Sare zinavaliwa kila mwaka," alisema. "Gari lako litavaliwa mara moja, siku litakapotuzika."

"Lakini watu wataniona nikipita."

"Watakuona ukisukuma."

Mwisho wake walikubaliana kitu kimoja. Pesa zikae, na asiziguse mtu bila kumuuliza mwenzake. Ermek alilitamka hilo akiwa amenyoosha mkono juu kama anaapa kortini, halafu akambusu mkewe kwenye paji la uso. "Kuanzia leo wewe ndiye benki."

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa alipata kibarua cha kufunga umeme kwenye shule mpya, wilaya ya pili, wiki tatu. Asubuhi ya kuondoka gari la mafundi lilikuwa linapiga honi barabarani. Mama yake anakamua. Baba yake amekaa kwenye kizingiti anashona mkanda wa tandiko. Jazgul akamfuata mumewe mpaka getini, ameshika ncha za kitambaa chake.

"Ermek. Zile za sandukuni."

"Ehe?"

"Niweke?"

Honi. Ermek akapunga mkono, ngojeni kwanza. Jazgul akatupa jicho kule kwenye kizingiti, akashusha sauti. "Kuna mahali, nikiweka, sote humu ndani tutapumua. Ila ukisema nisiweke siweki. Tuliahidiana."

Ermek akamwelewa, au alivyojiambia yeye, akamwelewa. Mke wake alikuwa anaogopa ile Audi. Alitaka azipeleke pesa benki, kule At-Bashi, zifungiwe mwaka mzima, mume akirudi asikute hata noti ya kujaribia. Akajiona mkubwa ghafla, mtu mzima mwenye busara za kutosha kuachia gari.

"Weka," akasema.

"Zote?"

"Zote! Weka mpaka ya mwisho!"

Macho ya Jazgul yakajaa maji. Akamshika mkono, mchana kweupe, baba mkwe pale, akaukamua kama anakamua kitambaa. Ermek akapanda garini akicheka. Kwa wiki tatu mafundi wenzake walikula hadithi hiyo na mkate: jamani, mwanamke analia kwa furaha ya kuweka pesa benki, mmewahi kuona? Na kila alipopiga simu nyumbani alimaliza hivi:

"Benki yangu, umeweka?"

"Nimeweka. Jumatatu ile ile."

"Zote?"

"Zote."

"Safi kabisa."

Sasa wiki tatu ni nyingi kwa mtu aliyeachia gari na hana wa kumpongeza. Ermek akaanza kuwaza afanye kitu kikubwa zaidi. Siku ya kurudi alipita Naryn, na huko akasikia kuna mama anafunga karakana yake ya ushonaji. Cherehani ya nyuzi nne, imetumika miaka miwili tu, elfu arobaini. Mume wa yule mama, bwana mmoja mnene aliyeitwa Sherali, akakubali kuipakia kwenye gari lake na kuipeleka mpaka Chong-Jar, pesa apewe huko huko mlangoni. Hata kama ziko benki, Ermek aliwaza, Jazgul atakuwa amebakiza kidogo ndani, wanawake hawamalizi, na zinazopungua nitaziba kwa mshahara, na Jumatatu tunakwenda At-Bashi wote kuzitoa. Njia nzima alikuwa anajifanyia mazoezi ya maneno atakayosema. Aliyapenda sana.

Walifika Jumamosi saa nane, nyumba ina wageni. Dada yake, Anara, alikuwa amekuja na mumewe, na jirani yao mzee Joldosh alikuwa pale na mkewe, kwa kuwa pakichemka nyama Joldosh huwa pale. Kondoo ameshaliwa nusu. Jazgul yuko kwenye samovari. Ermek akaingia, akasalimia wakubwa, akamkaribisha Sherali aketi karibu na mlango, halafu akasimama katikati ya chumba na viatu mkononi.

"Jamani, mnyamaze. Mke wangu, tazama nje."

Jazgul akachungulia dirishani. Mlango wa nyuma wa gari la Sherali ulikuwa wazi, na cherehani imekaa humo kama bibi harusi, imefunikwa shuka. Sherali mwenyewe akanyoosha mkono nje akaivuta ile shuka kidogo kwa uzi aliokuwa ameufunga, kwa kuwa Ermek alikuwa amempangia hata hilo.

"Ya nyuzi nne," alisema Ermek. "Audi kwaheri. Haya, benki, fungua! Elfu arobaini, mtu wa watu asingoje."

Watu wakapiga makofi. Bubusara akasema Mungu akupe maisha. Jazgul hakusogea. Uso wake ulikuwa umefurahi kwanza, Ermek aliiona ile furaha kwa macho yake, halafu ikaondoka.

"Niliweka, Ermek," akasema.

"Najua uliweka. Sasa toa."

"Niliweka."

Shemeji, mume wa Anara, akaanza kucheka. "Huyu benki kweli. Ukitaka pesa yako anakwambia rudi Jumatatu."

"Hamna hata kidogo sandukuni?" Ermek aliuliza, bado anatabasamu.

"Niliweka zote. Ulisema zote."

"Sawa, ziko tawi gani? Tutakwenda Jumatatu. Bwana Sherali atatuvumilia, au sio, bwana Sherali?"

"Jumatatu navumilia," Sherali akasema. "Jumanne siahidi."

"Si benki," Jazgul akasema.

"Si benki?"

"Sikuweka benki."

"Uliweka wapi?"

Jazgul akaangalia samovari. Kama mtu angekuwa makini angeona kwamba alikuwa anaangalia kila kitu chumbani isipokuwa upande wa heshima, pale alipokaa baba mkwe wake. Ermek hakuwa makini. Alikuwa ameshika viatu mbele ya watu.

"Niliweka mahali pa kuwekwa," akasema Jazgul polepole.

"Mahali pa kuwekwa! Nilikwambia weka, sikukwambia fukia. Uliweka kwa nani?"

Jazgul akafuta bomba la samovari.

Hapo ndipo Anara alipochukua boorsok, kiandazi cha kukaangwa, akaitafuna bila haraka, akasema kama anaongea na kitambaa cha chakula: "Juzi nilipita kwa kina wifi. Mama yake ameezeka. Bati jipya, la bluu, linang'aa mpaka unafumba macho. Nikasema, hee, mwaka huu kuna watu wamevuna."

Hakusema zaidi. Haikuhitajika. Kila mtu chumbani akalitazama lile bati la bluu kana kwamba limewekwa katikati ya nyama.

"Wifi, bati alinunua kaka yangu," Jazgul akasema. "Yuko Moscow, anatuma..."

"Mimi nimesema bati tu."

Bubusara akainama kumwelekea mkwe wake, yule aliyekuwa anamsifu mtaa mzima. "Mwanangu, sema tu. Pesa zinatafutwa. Sema tu." Na sauti yake ilikuwa ya upole, upole ule wa kumwambia mtu aliyekwisha kukutwa.

"Niliweka, mama. Wallahi niliweka."

Ermek akahisi masikio yanawaka moto. Sherali alikuwa anamtazama, shemeji anamtazama, Joldosh ameacha kutafuna. Wiki tatu amewasimulia watu habari za benki yake. Na mtu wa utani akibanwa hukimbilia pale pale anapokimbilia siku zote. Likamjia, likiwa zuri, limekamilika, akalitoa bila kulitazama mara mbili.

"Jamani nisameheni. Mimi nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa mfuko, tena umetoboka upande wa kwao!"

Walicheka. Hilo ndilo ambalo baadaye Ermek hakuweza kulimeza: walicheka sana. Shemeji alijipiga paja. Sherali, mgeni wa watu, alicheka mpaka akashika ukuta. Na Ermek mwenyewe alicheka, akafurahi kwamba limepokelewa.

Jazgul hakulia. Akanyoosha mkono akachukua bakuli la mumewe, akaweka maziwa, akafungua samovari, akamimina. Akaendelea kumimina. Chai ya mtu unayemtaka humiminwa nusu bakuli, iishe haraka, ummiminie tena na tena. Ya kujaa ni ya mgeni aliyekaa mpaka akachosha, kunywa uende zako. Jazgul alimimina mpaka chai ikavimba juu ya ukingo, akalibeba kwa mikono miwili bila kumwaga tone, akaliweka mbele ya Ermek, akakaa.

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

"Sasa mimi," Sherali akauliza, "nirudi na mashine?"

Ermek alikuwa anaangalia lile bakuli, hajui alishike vipi. Akainua macho amtafute baba yake, maana baba ndiye hucheka mwisho, na akagundua kwamba mzee hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alikuwa na kisu cha nyama mkononi, anakifuta kwa kitambaa. Kilikuwa kisafi zamani. Alikuwa anakifuta tu. Ermek akadhani: anaona aibu kwa ajili ya mkwe wake. Akaongeza hilo kwenye hesabu ya makosa ya Jazgul.

Joldosh, ambaye alijua kula lakini alijua pia kuondoka, akajikohoza. "Basi Tologon, tupe dua twende, mambo ya nyumba ni ya wenye nyumba."

Wote wakakunjua mikono mbele ya vifua, viganja juu. Hata Sherali pale mlangoni. Mwenye nyumba akishaanza dua hakuna anayeshusha mikono mpaka apanguse uso.

"Mungu aipe nyumba hii wingi," Tologon akaanza. "Awape wageni wetu njia salama." Joldosh akataka kupangusa uso. "Mikono msishushe, sijamaliza."

Akaweka kisu chini.

"Mwezi wa sita nilimwoza mwanangu. Watu mia mbili. Mlikula, mkasema Tologon ana mkono. Unga, sukari, mafuta, mchele, na zile chupa ambazo Joldosh alisema si pombe ni dawa ya kifua, vyote nilivichukua kwa Mairam dukani, kwa mdomo tu. Elfu sitini na kidogo. Nikamwambia, mimi jina langu unalijua. Akasema nalijua. Nikamwahidi nikiuza mafahali wawili, ataona pesa yake kabla mwezi wa nane haujatoka. Mmoja akafa. Wa pili nikamuuza kwa bei ya mbuzi."

Bubusara akageuka kumtazama mumewe, viganja vyake bado vimekunjuliwa, kama mtu aliyengoja chenji akapewa barua.

"Mairam akaniambia atakuja hapa kwangu, siku yenye watu, aniulize mbele yao. Nikamngoja. Kila gari likipita nilikuwa natoka kuchungulia getini. Hakuja. Mwishowe nikaenda mwenyewe, nikakuta jina langu limefutwa. Nikamuuliza nani. Akasema, mzee, nyumbani kwako kuna mtu mwenye akili, ameniapisha nisiseme, usiniulize. Nikajua ni Ermek."

Ermek akafungua mdomo. Mzee hakumpa nafasi.

"Nikaona aibu kumshukuru. Baba anamshukuruje mwanawe kwa jambo kama hilo? Nikanyamaza. Na leo, tangu huyu binti alipotamka neno lake mara ya kwanza, mimi nikaelewa. Ninyi hamkuelewa, mimi nilielewa, jina ni langu. Anapoliruka mimi ndiye ninayelisikia. Nikasema moyoni, ngoja, pengine mwingine ataelewa, aseme yeye, nisiseme mimi. Nikakaa nafuta kisu. Amesema niliweka, niliweka. Mara sita. Nilikuwa nahesabu. Mkamcheka na mimi nikiwa nahesabu."

Anara alikuwa anaangalia viganja vyake tu.

"Amelipa," akasema mzee. "Mimi ndiye Aliyelipa, na sikulipa. Amina."

Akapangusa uso. Wote wakapangusa. Sherali akapangusa mara mbili.

Ermek alibaki ameketi. Alikuwa anaiona ile asubuhi getini, kitu kimoja kimoja: jicho lililotupwa kwenye kizingiti, sauti iliyoshushwa, sote humu ndani tutapumua. Machozi ya benki. Neno hilo alikuwa amelicheza yeye miezi mitatu, na ng'ombe wake na dereva wake wa basi. Kama kungekuwa na mtu mmoja chini ya jua la Mungu wa kuelewa Jazgul anasema nini, ni yeye. Na siku lilipokuwa na maana, ndiye aliyekuwa kiziwi. Mgongo wote ulimwasha. Alitaka mtu amzomee, ingekuwa nafuu. Hakuna aliyemzomea. Watu walivaa viatu vyao kimya kimya, mmoja mmoja, kama wanaotoka msibani. "Mimi nilisema bati tu," Anara alimwambia mumewe mlangoni, na mumewe akamwambia, "Twende."

Alipogeuka, Jazgul hakuwepo. Na beseni la vyombo halikuwepo.

Akamtoa Sherali nje. Akamtolea som mia tano za petroli, akitegemea zitakataliwa kwa huruma. Sherali akazipokea, maana petroli haina huruma, akaifunika cherehani shuka yake. "Ukipata nipigie," akasema. "Nitaishikilia wiki. Na ule uzi wa kuvutia shuka nakuachia." Akauweka mkononi mwa Ermek.

Jazgul alikuwa kwenye mfereji kando ya barabara, amechuchumaa, anaosha mabakuli. Maji yalitoka kwenye barafu moja kwa moja na vidole vyake vilikuwa vyekundu. Ermek akasimama nyuma yake na uzi wake mkononi.

"Benki..." akaanza, ulimi wake ukiwa umeshazoea, halafu akasikia mwenyewe alichosema. Akasema, "Nisamehe."

Jazgul akasuuza bakuli, akalifudikiza kwenye nyasi.

"Nilikuuliza," akasema. "Mairam aliniambia la deni nilipokwenda kuchukua mafuta ya taa. Tuliahidiana tuulizane, nikakuuliza."

"Nilisikia vibaya."

"Hukusikia vibaya. Hukusikiliza."

"Ungesema tu mle ndani! Neno moja. Nani angekulaumu?"

Akageuka kumtazama, mara ya kwanza tangu cherehani ilipofunuliwa. "Nitaje jina lake mbele yake, huku namtangazia deni lake mbele ya Joldosh? Joldosh, Ermek. Jioni hiyo hiyo ingefika Naryn."

"Mimi ningesema."

"Najua wewe ungesema."

Akachukua bakuli jingine. Lilikuwa lile la kujaa, lililomwagwa bila kunywewa, lina utando wa maziwa ukingoni. Alilisugua sana, zaidi ya lilivyohitaji. Halafu akatazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Akatazama nyuma kwenye dirisha la nyumba.

"Ermek."

"Ehe?"

"Zile elfu sitini mimi sikudai. Zile nilitoa mwenyewe, na ningetoa tena. Lakini ile ya mfuko uliotoboka."

"Ehe."

"Ile utanilipa."

Alilitamka lote, bila kuliruka, taratibu, kama mtu anayesoma herufi. Utanilipa. Neno alilomwinda nalo tangu mwezi wa sita. Alikuwa ameshinda. Ermek akangoja, akimtazama mdomoni, labda pembe moja itainuka, labda hapo kuna mlango mdogo wa kucheka wote wawili kama zamani. Haikuinuka. Jazgul alikuwa amesharudi kwenye mabakuli.

Ermek akachuchumaa kando yake. Akatia mkono kwenye beseni akachukua bakuli, akalitumbukiza mfereji. Baridi ilimpanda mpaka kwenye kiwiko. Huko Chong-Jar wanaume hawaoshi vyombo, na hata yule anayeosha haoshi barabarani, na alikuwa analijua hilo kwa kila mfupa. Mkewe Joldosh alikuwa anapita kwenda kufunga ndama wake. Akasimama. Akatazama mara moja, akatazama tena.

"Ala! Ermek, imekuwaje? Umeolewa?"

Alikuwa na jibu. Lilimjia hapo hapo, zuri kuliko lile la mfuko, lingemfanya yule mama acheke mpaka kwa ndama wake na kurudi. Lilifika mpaka kwenye meno.

Akalimeza, akachukua bakuli jingine.